Kodi inaingia kila mwezi, mbona mfukoni sioni kitu?

SWALI

Habari za kazi, Mshauri.

Mimi ni mwanamke wa miaka 44, mwajiriwa, nimeolewa na nina watoto watatu. Miaka mitatu iliyopita nilinunua nyumba ya kupangisha kwa mkopo wa benki. Sitataja fedha zenyewe kwa sababu wapo watakaonitambua, kwa hiyo nimezigawanya hesabu zote ili bei ya nyumba isomeke 1,000. Ukiona namba ndogo, sababu ni hiyo.

Nilitoa kianzio cha 250 kutoka kwenye akiba yangu, benki ikanikopesha 750 kwa miaka 15. Riba ni asilimia 10 kwa mwaka, na mkataba unasema inaweza kupanda au kushuka. Rejesho ni 8.06 kila mwezi, na kodi ya nyumba ni 10. Siku ya kusaini nilikuwa na raha tele. Kwa hesabu yangu kila mwezi zingebaki karibu 2, na deni lingelipwa na mpangaji.

Mshauri, hizo 2 sijawahi kuziona. Mpangaji wa kwanza alipohama, nyumba ilikaa wazi miezi miwili. Wa pili alinisumbua, akaondoka na deni la mwezi mmoja, kisha nyumba ikakaa wazi mwezi mwingine mzima. Wa tatu ndiye aliyepo sasa na analipa vizuri. Kila anapoingia mpangaji mpya, dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja. Paa lilivuja, pampu ya maji iliungua, rangi imepakwa mara mbili. Matengenezo yote kwa miaka mitatu yamefika 28. Bima na kodi ya jengo jumla ni 15. Fundi wa paa alipotaka malipo yake sikuwa na fedha, nikachukua amana ya mpangaji wa sasa, yaani kodi ya miezi miwili aliyoweka wakati anaingia, nikamlipa fundi. Na ipo miezi ambayo nimejazia rejesho kutoka kwenye mshahara.

Sasa kaka yangu, ambaye ana nyumba kadhaa, ananiambia tatizo langu ni kuwa na nyumba moja. Kwa maneno yake, nyumba moja ni mzigo, nyumba tano ni biashara. Kuna nyumba inauzwa 900, na aliyemo ndani analipa kodi ya 9. Afisa mikopo ameniambia benki iko tayari kunipa 675 kwa miaka 15. Kianzio cha 225 ningekipata kwa mkopo mwingine wa miaka 10, dhamana ikiwa nyumba tunayoishi. Riba ya yote miwili ni ileile asilimia 10. Rejesho la ule mkubwa litakuwa 7.25, kwa hiyo kwenye kodi ya 9 zitabaki 1.75. Ule wa kianzio nitaulipa kwa mshahara, 2.97 kwa mwezi, ndiyo maana sijauweka kwenye hesabu ya nyumba.

Mume wangu amekataa kusaini. Anasema, "Kama ya kwanza inakula mshahara, ya pili itakula nini?" Tumenuniana wiki nzima. Naomba unisaidie: mume wangu ni mwoga, au mimi ndiye nisiyejua hesabu? Na kama ya kwanza hailipi, niiuze?

Mama Mwenye Nyumba

JIBU

Mama Mwenye Nyumba, ahsante kwa kuniandikia na namba. Barua nyingi za aina hii hunifikia zikisema tu "nyumba hailipi", rejesho halijulikani, kodi haijulikani, nami nabaki kubahatisha.

Nianze na yale uliyouliza. Mkopo huo wa pili usiuchukue kwa masharti hayo. Ya kwanza usiiuze sasa. Mume wako si mwoga. Ameona kitu sahihi, ila hakuwa na namba za kukuonyesha. Namba unazo wewe mwenyewe, umeziandika zote kwenye barua, ila hujaziweka pamoja kwenye karatasi moja.

Tuziweke. Kwa miezi 36 nyumba ilistahili kuingiza 360. Miezi mitatu ilikuwa tupu na mmoja haukulipwa, kwa hiyo umepoteza 40 na kupokea 320. Dalali amechukua 30 kwa wapangaji watatu. Matengenezo 28, bima na kodi ya jengo 15. Ukitoa yote hayo zinabaki 247, na hizo ndizo nyumba ilizozalisha kweli. Benki katika muda huohuo imepokea marejesho ya 290. Pengo ni 43, na limezibwa na wewe, kwa mshahara na kwa amana ya mpangaji.

Ile hesabu yako ya siku ya kusaini ilitoa rejesho kwenye kodi ikaishia hapo. Karibu kila anayenunua nyumba yake ya kwanza ya kupangisha huanza hivyo, na mara nyingi hakuna anayemkosoa, kwa sababu muuzaji anataka kuuza na dalali anataka chake. Lakini kwako matumizi na miezi mitupu vimekula 113 kati ya 360, yaani asilimia 31 ya kodi, hata kabla benki haijagusa kitu. Wala hukuwa na bahati mbaya ya ajabu. Matengenezo yako hayafiki asilimia 1 ya bei ya nyumba kwa mwaka, na wawekezaji wengi hutenga asilimia 1 wakijua kwamba ipo miaka itakayozidi. Paa na pampu si ajali. Ni vitu vyenye umri, na umri wao huisha.

Wakopeshaji wa majengo ya biashara wana kipimo chao cha jambo hili. Wanachukua kile nyumba inachozalisha baada ya matumizi, wanakigawanya kwa rejesho. Wengi hutaka jibu lisipungue 1.20 au 1.25, yaani kwa kila 1 ya rejesho nyumba ilete 1 na ziada ya kuvumilia mwezi mbaya. Ya kwako ni 247 kugawanya kwa 290: inatoka 0.85. Utaniuliza, sasa mbona benki ilinipa? Ilikupa kwa sababu ya hati yako ya mshahara. Nyumba ni dhamana yao tu. Mlipaji wanayemtegemea ni wewe. Neno la afisa mikopo kwamba "benki iko tayari" linakuambia kuwa mshahara wako una nafasi ya kubeba makato mengine, na halikuambii lolote kuhusu nyumba inayouzwa. Watu huchanganya mambo hayo mawili kila siku.

Sasa upande wa pili wa daftari, maana sitaki uone giza pasipo giza. Marejesho yako hayakuwa riba peke yake. Rejesho la kwanza kabisa la 8.06 lilikuwa na riba ya 6.25, na 1.81 tu ndiyo iliyopunguza deni. Kila mwezi riba hupungua kidogo na upande wa deni huongezeka kidogo, ndivyo mikopo ya rejesho linalolingana inavyokwenda. Kwa miaka mitatu umelipa 290, deni limeshuka kwa karibu 76, na sasa unadaiwa kama 674. Hata ukifika mwaka wa tano, theluthi nzima ya muda wa mkopo, bado utadaiwa karibu 610 kati ya 750. Kwenye mikopo ya miaka mingi, uvumilivu wa miaka ya mwanzo ni sehemu ya bei.

Kwa hiyo umejazia 43, na deni limepungua kwa 76. Tofauti ni 33 upande wako, hata bei ya nyumba ikiwa haijapanda hata kidogo. Ukizilinganisha na 250 ulizotoa, ni kama asilimia 4 kwa mwaka, na gharama za mwanasheria na uthamini hatujazigusa. Umeweka akiba ya lazima, yenye faida ndogo na usumbufu mwingi. Bei ikipanda utapata zaidi, lakini bei iliyopanda hailipi fundi. Huioni mpaka uuze au uikopee tena, na njia hiyo ya pili ndiyo unayotaka kuifuata kwa kutumia nyumba ya familia.

Kuna jambo hukulitaja ambalo huwapata wengi bila kutarajia. Katika nchi nyingi, mamlaka ya mapato hukuruhusu kutoa riba kwenye mapato ya kodi ya nyumba, lakini ile sehemu ya rejesho inayopunguza deni haihesabiwi kuwa gharama. Kwingine hata riba hutolewa kwa sehemu tu. Riba yako ya miaka mitatu ni kama 214. Ukiitoa kwenye 247 inabaki faida ya 33 kwenye makaratasi ya kodi ya mapato, ilhali mfukoni una pengo la 43. Mtu anaweza kudaiwa kodi ya mapato kwa mwaka ambao amejazia nyumba kutoka mshahara. Zipo nafuu za uchakavu wa jengo ambazo huweza kuifuta faida hiyo, lakini kanuni zinatofautiana sana. Kabla ya mwaka wa hesabu kufungwa, kaa na mhasibu anayejua kanuni za mahali ulipo.

Sasa tutafute fedha ilipovujia. Watu wakiona pengo hukimbilia riba. Wewe tazama wapangaji kwanza. Miezi mitupu, deni lisilolipwa na dalali, jumla yake ni 70. Pengo lako lote ni 43. Kama ungekuwa na mpangaji mmoja mzuri kwa miaka hiyo mitatu, aliyekwishapatikana na dalali wake kulipwa, ungemaliza na ziada ya 27 badala ya pengo, riba ikiwa ileile na bei ileile. Hakuna benki itakayokupa punguzo la namna hiyo.

Ndiyo maana huyu wa sasa anayelipa vizuri ni wa kutunzwa. Bomba likivuja, fundi aende siku hiyohiyo. Mkataba wake ukikaribia kwisha, zungumza naye miezi miwili kabla, usingoje siku ya mwisho. Na ukitaka kupandisha kodi, piga hesabu kwanza: nyongeza ya asilimia 5 inakupa 6 kwa mwaka. Akihama kwa sababu hiyo, mwezi mmoja mtupu na mwezi mmoja wa dalali ni 20. Utahitaji zaidi ya miaka mitatu ya ile nyongeza kurudisha ulichopoteza. Sisemi usipandishe, gharama zako nazo zinapanda. Pandisha kidogo, kwa taarifa ya mapema, na usizidi sana kiwango cha nyumba zinazofanana na yako. Kwenye bajeti yako, hata hivyo, endelea kuweka mwezi mmoja mtupu kila mwaka. Ukipita bila mwezi mtupu, shukuru, na fedha hiyo iende kwenye akiba ya nyumba.

Tuje kwenye mkopo wenyewe. Riba yako si ya kudumu, na hapo ndipo mimi ningekosa usingizi kabla ya jambo lolote lingine. Ikipanda kutoka 10 hadi 12, rejesho kwa deni la 674 na miaka 12 iliyobaki litafika karibu 8.86. Ni 0.80 zaidi kila mwezi, karibu kodi ya mwezi mzima kwa mwaka. Nenda benki uulize kwa maandishi mambo haya: riba yako imefungwa kwenye kipimo gani na hupitiwa kila baada ya muda gani, kuna faini ukilipa zaidi ya rejesho au ukihamisha mkopo, na itakugharimu nini kufunga riba kwa miaka michache.

Watakupendekezea kuongeza muda, maana kwao ni rahisi. Deni la 674 likitandazwa upya kwa miaka 15, rejesho litashuka hadi 7.25, na pengo la kila mwezi litapungua kutoka 1.2 hadi kama 0.4. Utapumua, ila kwa jumla utalipa karibu 144 zaidi kuliko ukiendelea na miaka 12 iliyobaki. Ukienda miaka 20 rejesho litakuwa 6.51, nyumba itaanza kujilipa, lakini nyongeza ya jumla itapita 400. Miaka 20 mimi nisingekubali. Ya 15 ningeikubali pale tu ambapo mshahara umebanwa kweli, na mkataba unaruhusu kulipa zaidi bila faini mambo yakitulia. Kama unaweza kuvumilia 1.2 kwa mwezi, vumilia. Nyumba yako inahitaji kuzalisha asilimia 17 au 18 zaidi ili ifikie rejesho la sasa. Kodi ikipanda asilimia 5 kwa mwaka, matumizi yakipanda vivyo hivyo na riba ikitulia, utafika huko mwaka wa nne kuanzia sasa. Mpangaji akikaa, utafika mapema zaidi. Hii ndiyo sababu nimesema usiuze: gharama za kununua umekwishazilipa, miaka mizito zaidi ya riba umeianza, na kuuza nako kuna dalali, mwanasheria, na huenda kodi inayotozwa kwenye faida ya kuuza mali. Ningebadili ushauri huu kama ungeniambia unakosa ada za watoto kwa sababu ya nyumba. Hukusema hivyo.

Sasa ile ya 900.

Umesema zitabaki 1.75 kwa mwezi, na mkopo wa kianzio hukuuweka kwa sababu utaulipa kwa mshahara. Dada yangu, mkopo uliochukuliwa kwa ajili ya nyumba ni deni la nyumba, hata ukilipwa na shangazi. Weka yote miwili: 7.25 na 2.97 ni 10.22 kila mwezi. Kodi yake ni 9. Nyumba hiyo inashindwa kulipa mikopo yake hata mpangaji akilipa kila mwezi bila kukosa, paa lisivuje, na dalali asitokee. Ukitumia uzoefu wako mwenyewe wa asilimia 31, kodi ya 9 inazalisha 6.17. Pengo ni karibu 4.05 kwa mwezi. Ongeza 1.2 ya nyumba ya kwanza, na mshahara wako utakuwa unalisha nyumba mbili kwa 5.25, zaidi ya nusu ya kodi ya ile ya kwanza. Riba ikipanda hadi 12, marejesho ya mikopo yote mitatu yatakuwa kama 20.2 kwa mwezi, na kodi za nyumba zote mbili, bila kutoa chochote, ni 19.

Kuna namna ya kuliona jambo hili bila kupiga hesabu ndefu. Nyumba zote mbili, kwa bei zake, zinazalisha kama asilimia 8.2 kwa mwaka baada ya matumizi. Fedha ya benki inakugharimu asilimia 10 kwa riba peke yake, na ukiongeza upunguzaji wa deni kwa miaka 15 unalipa karibu asilimia 12.9 ya mkopo kila mwaka. Unakopa kwa 10 kununua kinachozaa 8.2. Hapo kila unachoongeza kukopa kinakurudisha nyuma, na anayekopa asilimia 100, kama unavyotaka kufanya, anarudi nyuma kuliko wote. Mkopo hukuza faida pale tu nyumba inapozaa kuliko riba. Isipozaa hivyo, kinachokuzwa ni upungufu. Kianzio kikubwa kitapunguza pengo la kila mwezi, ni kweli, lakini hakigeuzi biashara mbaya kuwa nzuri. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya fedha iliyokubali kuzaa kidogo ni yako badala ya kuwa ya benki.

Hesabu hiyohiyo inakupa bei ya kumrudishia muuzaji. Ukiwa na asilimia 25 taslimu, ya kwako, isiyokopwa popote, na mkopo wa miaka 15 kwa asilimia 10, nyumba ya kodi ya 9 itatoka sare kwa bei ya karibu 765. Ili ifikie kile kipimo cha 1.25 wanachokitaka wakopeshaji, bei iwe kama 610. Atakataa, na ana haki. Lakini ukijua namba yako hutashawishika na namba yake, na nyumba zinazouzwa haziishi.

Kaka yako hajasema uongo mtupu. Mwenye nyumba tano akipoteza mpangaji mmoja amepoteza sehemu ya tano ya mapato. Wewe ukimpoteza umepoteza yote. Huo ni ukweli, na ni sababu nzuri ya kuwa na nyumba zaidi ya moja siku moja. Wingi huo unasambaza hatari ya nyumba zinazojilipa. Nyumba zenye pengo ukizikusanya unajumlisha mapengo. Inawezekana pia alinunua zake wakati bei ziko chini, au hana mikopo, au mikopo yake imekaribia kwisha. Ukiwa nje, nyumba isiyo na deni na nyumba yenye deni la asilimia 100 zinafanana mlango na madirisha.

Kuhusu amana ya mpangaji: fedha ile si yako. Ni deni, na linadaiwa siku yoyote atakayohama, siku ileile ambayo kodi itakuwa imekatika na dalali anasubiri. Mahali pengi sheria inataka amana itunzwe kando, na pengine mwenye nyumba aliyeitumia hutozwa faini. Irudishe kabla ya jambo lolote lingine. Fungua akaunti ya nyumba, tofauti na ya mshahara. Kodi iingie humo, rejesho na matumizi yatoke humo, na unapojazia uandike umejazia kiasi gani. Ulikuwa tayari kutoa 2.97 kwa mwezi kwa miaka 10 kulipa mkopo wa kianzio. Basi hiyohiyo 2.97 iweke kwenye akaunti hiyo. Ndani ya miezi 15 utakuwa umerudisha amana ya 20 na kuweka akiba inayolingana na marejesho ya miezi mitatu hivi. Endelea mpaka ifike miezi sita. Ukishafika hapo, paa likivuja utaita fundi bila kupiga simu kwa mtu.

Kwa mume wako, usimpelekee barua hii ukamwambia mshauri amesema. Kaeni na karatasi ile ya 360, 320, 247 na 290, muipitie pamoja, kisha muulize yeye angetaka kuona namba gani kabla ya kusaini jambo lolote. Alichoombwa ni kizito kuliko unavyodhani. Nyumba ya kupangisha ikishindwa kwa mkopo wake wenyewe, mnapoteza uwekezaji, na benki inaweza kuwadai kilichopungua. Ukiweka nyumba mnayolala kuwa dhamana ya kianzio, miezi michache ya wapangaji wabaya inaweza kuwafikisha mnadani na watoto ndani. Mtu anayesita kutia saini mahali kama hapo anafanya kazi yake. Na wewe uliyetaka kujenga kitu kwa ajili ya familia ulikuwa unafanya yako, mwambie hivyo pia, maana wiki ya kununiana inatosha.

Kaka naye mwendee, ila kwa swali moja: baada ya miezi mitupu, dalali, mafundi, bima, kodi ya jengo na rejesho, kila nyumba yake inabakiza ngapi kwa mwaka? Akikufungulia daftari lenye namba hizo, kaa naye hata siku nzima, utajifunza mengi kuliko kwangu. Asipokuwa na daftari, jambo la mikopo usimfuate. Muombe majina ya mafundi wake wa paa, huko lazima ana uzoefu.